Masomo ya Sayansi Hayangoji Mavuno

Wapenzi wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuongea nanyi juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na uzazi salama. Mwezi huu tunaongea juu ya wale watakaotuhudumia kesho, yaani vijana wetu wanaotaka kuwa wauguzi. Tumeona vema kufanya hivyo kwa sababu si rahisi kupata parokia katika bonde hili la Kilombero isiyo na kijana anayelilia uuguzi, huku cheti chake cha Kidato cha Nne kimepungukiwa na somo moja tu.

Tulimtembelea mmoja wao nyumbani kwao, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Cheti chake kilikuwa na C ya Kiswahili, na D za Biolojia, Kemia na Historia. Fizikia alipata F. Tangu siku bibi yake alipolazwa hospitalini, naye akiwa Darasa la Tano akipeleka uji wodini, binti huyu hana neno jingine ila unesi. Baba yake alitukaribisha kivulini, akatuuliza swali ambalo tumelisikia katika nyumba nyingi:

"Shangazi yake alikuwa nesi. Amezalisha nusu ya kijiji hiki, na Fizikia hakuijua hata jina. Huyu wangu anazuiliwa kwa nini?"

Swali hilo ni la haki. Tutajaribu kulijibu, kisha tueleze namna familia ya mkulima inavyoweza kumsaidia kijana apate somo lililompungukia, bila kuuza shamba na bila kumvunja mtoto afya.

ZAMANI NA SASA

Ni kweli kwamba zamani njia ilikuwa fupi. Katika miaka ya 1970 mabinti waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa kufundishwa kazi ya uhudumu wa afya ya mama na mtoto, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi wakarudi vijijini kufanya kazi. Wengi wao walifanya kazi kubwa, nasi tuliozaliwa mikononi mwao hatuna la kusema ila ahsante.

Bonde letu lenyewe lina historia ndefu ya kufundisha watu wa afya. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy kutoka Basel, Uswisi, aliweka maabara ya utafiti Ifakara, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini. Maabara ile ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, na kituo kile kikaja kuwa chuo cha matabibu. Ifakara kipo pia chuo cha uuguzi kinachoitwa kwa jina la Askofu Mkuu Edgar Maranta, Mkapuchini wa Uswisi aliyeongoza Jimbo la Dar es Salaam wakati bonde hili lilipokuwa sehemu yake. Na mwaka 2010 kilianza Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko cha Sayansi za Afya. Kwa hiyo mtoto wa Kilombero hana haja ya kwenda mbali kutafuta chuo. Kazi ni kuufikia mlango.

MLANGO UNATAKA NINI

Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga, ambayo ni masomo ya miaka mitatu, mwombaji anatakiwa awe na cheti cha Kidato cha Nne chenye ufaulu usiopungua masomo manne, ukiacha masomo ya dini. Kati ya hayo manne lazima yawemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu ni kuanzia D, na D huanza kwenye alama 30 kwa mia. Hisabati na Kiingereza si lazima, lakini aliyefaulu masomo hayo ana nafasi nzuri zaidi. Masharti haya hutolewa na baraza liitwalo NACTVET, katika kitabu chake cha mwongozo. Kabla ya kulipa fedha yoyote, tazameni mwongozo wa mwaka huo huo, maana masharti yanaweza kurekebishwa.

Yule binti wa Lupiro, kwa hiyo, hakuwa mbali. Alikuwa na masomo manne yaliyofaulu, lakini Fizikia haikuwamo. Kwa mlango wa uuguzi, hiyo moja ilitosha kumzuia.

SAYANSI IKO WODINI

Sasa turudi kwenye swali la baba. Mbona Fizikia? Tutoe mfano wa kazi ya kila siku.

Daktari ameandika kwamba mgonjwa apewe dripu ya mililita 1,000 kwa saa 8. Mpira wa dripu umeandikwa kuwa matone 20 hufanya mililita 1. Je, yadondoke matone mangapi kwa dakika? Muuguzi anazidisha 1,000 kwa 20, anapata matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Anagawanya 20,000 kwa 480, anapata karibu matone 42. Anatazama saa yake, anahesabu, anarekebisha. Akikosea akaweka matone 84, maji yote yataingia kwa saa 4. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, maji hayo yanaweza kujaa mapafuni akashindwa kupumua.

Na mbona chupa hutundikwa juu? Kwa sababu maji yaliyo juu yanasukuma kwa uzito wake, yakashinda msukumo wa damu ndani ya mshipa. Ishushe chupa chini ya mkono wa mgonjwa, utaona damu inarudi kwenye mpira. Hiyo ndiyo Fizikia.

Tulipokuwa tukieleza haya, shangazi mwenyewe alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Ni mzee sasa, amestaafu siku nyingi. Akaacha ungo akasema:

"Kaka, ngoja nikwambie. Sisi hatukuhesabu. Sista alikuwa amebandika karatasi ukutani: maji haya, matone haya. Usiku mmoja mipira ya kawaida iliisha, tukapewa mingine ya matone madogo. Kuna mtoto wa kuhara, macho yameingia ndani. Nikahesabu matone ya kwenye karatasi, sawasawa kabisa. Lakini naona mtoto hapati nafuu. Nikamkimbilia Sista, nikamwamsha. Alipouona mpira akashika kichwa. Matone 60 ya mpira ule ndiyo yalifanya mililita moja. Mtoto alikuwa anapata theluthi tu ya maji yake."

Mtoto yule alipona. Shangazi akamgeukia kaka yake: "Mimi nilikuwa na Sista wa kumkimbilia. Huyu wako akipangiwa zahanati huko ndani Malinyi, usiku, mvua inanyesha, atamkimbilia nani?"

Baba hakujibu, nasi hatukuwa na la kuongeza juu ya jibu lile.

Mifano mingine ni mingi. Kemia: dawa ya Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 inatakiwa ishushwe hadi asilimia 0.5 ili kutakasia vifaa. Gawanya 3.5 kwa 0.5, unapata 7. Basi kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe 6 vya maji. Ikiwa nyepesi mno haiui vijidudu. Ikiwa kali mno inaharibu vifaa na mikono ya anayeitumia.

Biolojia: maji ya chumvi na sukari tunayompa mtoto wa kuhara hufanya kazi kwa sababu sukari na chumvi huingia pamoja kupitia ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Ndiyo maana pakiti huchanganywa na lita moja kamili, si kwa kukisia. Chumvi ikizidi, maji hutolewa mwilini badala ya kuingizwa.

Fizikia tena: maji yakichemka katika sufuria ya wazi hufika nyuzi 100 za Selsiasi, na kuna vijidudu vinavyostahimili joto hilo. Katika chombo kilichofungwa, mvuke ukibanwa, joto hufika nyuzi 121, navyo hufa. Muuguzi asiyelijua hilo anaweza kufungua chombo mapema akidhani vifaa viko tayari.

Wala tusidhani sayansi ni kitu cha wageni. Mwaka 1997 ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga mpango wa kusambaza vyandarua vyenye dawa. Watafiti wa Ifakara wakafuatilia watoto wa vijiji vyetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua hivyo ulikuwa bora kwa asilimia 27. Hesabu hiyo ilifanywa hapa, na dunia nzima imejifunza kutoka hapa.

HESABU YA MIEZI

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kijana aliyekosa somo moja au mawili anaweza kuyarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vijana wanaita kurisiti. Mtihani hufanyika Novemba, na matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa zaidi au hukosa kabisa. Ukitazama vizuri, toka matokeo kutoka mpaka mtihani mwingine kuna miezi tisa na zaidi. Miezi hiyo inakwenda wapi?

Katika bonde letu tunaijua inakokwenda. Januari na Februari ni kupanda na kupalilia mpunga. Machi hadi Mei ni masika. Mto unafurika na familia nyingi zimehamia mashamba ya mbali, zinalala kwenye madungu. Kisha kuamia ndege. Kisha kuvuna, kupiga, kusafirisha. Mwezi wa Julai, mpunga ukiwa ndani na fedha imeonekana, ndipo mzazi anasema: "Sasa mwanangu nenda mjini ukasome twisheni."

Hivyo ndivyo alivyofanya yule binti mara ya kwanza. Alianza Julai. Na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na hamu ilikuwa kubwa, akachukua masomo matatu kwa pamoja: Fizikia iliyomwangusha, na Kemia na Biolojia ili apandishe alama. Kila siku alivuka daraja la Kilombero kwa bodaboda kwenda Ifakara. (Wanaokumbuka kivuko, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018, watajua kuwa zamani safari hiyo isingewezekana kila siku.) Alisoma mpaka usiku wa manane. Mwisho wa Agosti akaugua homa, akapoteza wiki tatu. Novemba akafanya mtihani. Januari Fizikia ilikuwa F tena.

Je, alikuwa mvivu? Hapana. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme, kwa mfano tu, kuwa somo moja linahitaji saa 120 za kusoma kwa utulivu. Masomo matatu ni saa 360. Mtu akitaka kuyamaliza katika mwezi mmoja wa twisheni, ni saa 12 kila siku, bila Jumapili, bila homa, bila msiba. Hakuna kichwa kinachoweza. Lakini saa hizo hizo 360 ukizigawa tangu Februari hadi mwisho wa Oktoba, ni kama saa moja na dakika ishirini kwa siku. Na kama ni somo moja tu, hata nusu saa kila siku inakupeleka.

Tatizo hili si la Kilombero peke yake. Huko Marekani vijana wanaojiandaa kuingia uuguzi hutakiwa kwanza wafaulu masomo kama ya maumbile ya mwili, kazi za viungo, na vijidudu, na mahali pengi Kemia pia. Wengi huyachukua katika likizo ndefu ya kiangazi ili wawahi nafasi. Somo la wiki 15 hubanwa likawa la wiki 8 au pungufu. Nao huko wanajifunza kwa machozi kwamba kurasa za kitabu ni zile zile. Kilichopungua ni siku.

Tena kuna jambo la ubongo wenyewe. Mwaka 1885 mtaalamu Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kukumbuka. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea katika saa na siku za mwanzo, tusipokirudia. Aliona pia kuwa kurudia kidogo kidogo kwa siku nyingi hushinda kurudia kwingi kwa siku moja. Mkulima analifahamu hili: mvua ya siku moja, hata ikiwa kubwa namna gani, haioteshi mpunga kama manyunyu ya majuma.

KUSOMA DUNGUNI

"Lakini shambani kuna kazi!" mtasema. Ni kweli, wala hatusemi kijana aache jembe. Tunasema kazi ya shamba ina nafasi ndani yake, nayo ikijulikana inaweza kutumika. Hebu tuone familia ile ilivyofanya mwaka wa pili.

Kwanza, walichagua somo moja tu. Biolojia na Kemia zilikuwa na D, na D inatosha mlangoni. Waliziacha. Fedha, muda na akili vikaelekezwa kwenye Fizikia.

Pili, waliandikisha mapema, halafu hawakungoja mavuno. Kitabu, daftari na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita viliingia kwenye mfuko wa plastiki, vikaenda dunguni pamoja na sufuria.

Tatu, walitafuta saa. Ndege hushambulia mpunga zaidi asubuhi na jioni. Adhuhuri, jua likiwa kali, hupungua. Saa ile ya adhuhuri ikawa ya binti. Alfajiri, kabla ya kwenda kupalilia, nusu saa nyingine ya kurudia alichosoma jana. Jioni mdogo wake wa kiume alichukua zamu yake ya ndege, na maji ya kupikia yakawa kazi ya kaka. Mama alituambia, "Mwanzo vijana walinung'unika kwamba maji ni kazi ya wasichana. Nikawauliza, dripu yenu mkiugua itawekwa na nani?"

Nne, kila Jumamosi ya pili alikwenda kwa mwalimu wa Fizikia akiwa na maswali yaliyomshinda. Hakwenda kusomewa kitabu. Alikwenda na orodha. Mwalimu alimruhusu pia kushika vifaa vya maabara, kwa sababu Fizikia na Kemia hazieleweki kwa kusoma tu. Anayerisiti aulize mapema kituo chake kuhusu mtihani wa vitendo na namna ya kujiandaa.

Tano, alitengeneza daftari la maneno. Watoto wetu hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha wanakutana na sayansi kwa Kiingereza sekondari. Wengi hawashindwi na Fizikia, wanashindwa na lugha yake. Upande mmoja wa ukurasa aliandika neno la kitabu, upande wa pili akaeleza kwa Kiswahili chake mwenyewe na kuchora picha. Neno likimshinda kueleza kwa Kiswahili, alijua kuwa bado hajalielewa.

Kuna majaribio yasiyogharimu kitu ambayo kijana anaweza kufanya nyumbani na wadogo zake. Toboa chupa ya plastiki matundu matatu, la juu, la kati na la chini, ujaze maji: tundu la chini hurusha maji kwa kasi zaidi, kwa sababu maji ya juu yanayakandamiza. Weka vipande viwili vya kiazi mviringo kibichi, kimoja kwenye maji matupu na kimoja kwenye maji ya chumvi nyingi. Baada ya saa chache cha chumvi kimelegea, maji yake yametoka. Chukua maji ya choya, kamulia ndimu, kisha kwa kikombe kingine tia magadi kidogo. Rangi zitakuonyesha asidi na besi. Lakini msichezee Jik wala dawa nyingine za kusafishia. Hizo si za majaribio ya nyumbani.

AFYA YA ANAYESOMA

Huu ni ukurasa wa afya, kwa hiyo hatuwezi kupita hapa kimya.

Homa ya mwezi mmoja inaweza kumaliza mwaka mzima. Malaria imepungua sana bondeni kuliko ilivyokuwa miaka ya 1990, lakini haijaisha, na dunguni kuna mbu wengi. Kijana anayesoma jioni asome ndani ya chandarua ikiwezekana, na chandarua kiende shambani pamoja na familia. Akipata homa apimwe siku hiyo hiyo, asijitibu kwa kukisia.

Usingizi ni sehemu ya kusoma. Ubongo hupanga na kuhifadhi tulichosoma tunapolala. Kijana anayekesha siku tatu kabla ya mtihani anajinyang'anya mwenyewe. Saa saba au nane za usingizi si uvivu.

Koroboi huumiza macho kwa mwanga wake hafifu na kifua kwa moshi wake, na ndani ya chandarua ni hatari ya moto. Taa ndogo ya sola ni bora. Na kama haipo, saa ya alfajiri ya mwanga wa mchana ni bora kuliko saa mbili za moshi usiku.

Na chakula: asiende kusoma na njaa. Uji wa asubuhi, maharage, mchicha, samaki wa mto wetu. Msichana mwenye upungufu wa damu huchoka na kusinzia juu ya kitabu, watu wakamwita mzembe. Akiwa amepauka na anachoka haraka, mpelekeni apimwe damu.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, anaweza kurisiti somo moja tu na kuunganisha na cheti cha kwanza? Ndivyo wengi wanavyofanya. Hata hivyo, kabla ya kulipa, nendeni na vyeti vyenu kwenye chuo mnachokitaka mkaulize, mpate jibu la uhakika kwa mwaka huo.

Kuna mtu amesema anaweza kumpatia nafasi bila Fizikia, akipewa fedha kidogo. Tufanyeje? Mkatalieni. Chuo halali kimesajiliwa na NACTVET, na baada ya chuo muuguzi lazima asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma atakwama mbele, na fedha yenu haitarudi.

Mwanangu ni wa kiume. Uuguzi si kazi ya wanawake? Hapana. Wauguzi wanaume wako wodini na kwenye zahanati, na masharti ni yale yale.

Ameshindwa mara mbili. Tuendelee? Tazameni kwanza alivyoshindwa. Kama alisoma masomo matatu kwa mwezi mmoja, hajajaribiwa bado. Apewe mwaka wa kusoma somo moja. Kama amepewa muda, mwalimu na utulivu na bado haiwezekani, si aibu. Kazi za kuhudumia wagonjwa na jamii ni nyingi, na mtoto asiambiwe kwamba amekuwa bure kwa sababu ya F moja.

TULICHOKIONA MARA YA MWISHO

Tulirudi upande wa Lupiro baada ya matokeo. Fizikia ilikuwa D. Hakuna aliyechinja mbuzi, maana ada ya chuo bado inatafutwa, na baba alikuwa ametenga magunia ya mpunga pembeni akingoja bei ipande. Jumuiya yao imeahidi kusaidia kwa sanduku na sare. D ile moja iliigharimu familia miaka miwili. Kama mwaka wa kwanza wangefanya walivyofanya mwaka wa pili, huenda ungekuwa mmoja.

Tulipokuwa tunaaga, baba alimwita binti yake akamwambia atuonyeshe. Binti akachukua kijiti, akaandika mchangani: mililita 500, saa 4, matone 20. Akazidisha, akagawanya, akapata karibu matone 42. Shangazi akauliza, "Na mpira ukiwa wa matone 60?" Binti akafuta, akahesabu upya: 125.

Shangazi akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye mchele wake.

Basi, wapenzi wasomaji, kama nyumbani kwenu kuna kijana anayengoja mavuno ndipo aanze kusoma, msingoje. Leo jioni mpeni nusu saa, na mtu mwingine achukue ndoo. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kumtunza mama aliyejifungua katika siku zake saba za mwanzo.